Printa moja, kompyuta za kila aina: kuunganisha Windows, Ubuntu na Mac katika saiba au ofisi ndogo

Siku ya mwisho ya ritani za ushuru, tarehe 30 Juni, saiba yetu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, hujaa watu hadi barazani. Mwaka mmoja, foleni ikiwa imenoga, stima ikapotea. Ilirudi baada ya dakika kumi. Kompyuta zikawaka, intaneti ikarudi, ila printa haionekani na mashine yoyote. Nayo iko pale pale, taa yake ya kijani inawaka, karatasi zimejaa trei. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja risiti yake akaegemea kaunta: "Mwanangu, karatasi yangu yatoka leo, au nende nikaswali nirudi?" Nikamwambia, "Nenda uswali, mzee wangu, ukirudi utaikuta." Alienda, akaswali, akarudi, akanikuta ningali nazima na kuwasha.

Printa haikuwa na ubaya wowote. Rauta ilipowaka upya iligawa anwani upya, na kompyuta iliyoshika printa, ambayo asubuhi ilikuwa 192.168.1.104, ikapewa 192.168.1.107. Mashine nyingine zote zikabaki zinapiga hodi nyumba aliyohama mwenyewe. Tangu siku hiyo, nikiitwa kuunganisha ofisi ya mtu, naanza na anwani. Mengine yote yanangoja.

Mchanganyiko ninaoukuta mara nyingi ni huu: kompyuta moja au mbili za Windows kaunta, moja kuukuu iliyowekwa Ubuntu, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows (zimeongezeka tangu Windows 10 iishiwe na msaada Oktoba 2025, kwa sababu mashine nyingi za mtumba hazikubali Windows 11), na MacBook ya kijana anayechora kadi za harusi. Ofisi za kutoa mizigo bandarini nako ni vivyo hivyo, ila huko kuna faili nyingi kuliko printa. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoupenda mimi: ile Ubuntu kuukuu iwe mwenyeji, ishike printa na faili za wote. Haihitaji nguvu, haihitaji hata skrini ikishamalizwa kupangwa, na inazungumza lugha za wote.

Hatua ya 1: Hakikisha wote mko nyumba moja

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Duka lina rauta ya kampuni ya intaneti, kisha mtu akanunua rauta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Akachomeka kebo kwenye tundu la WAN la rauta ya pili (lile la kupokea intaneti), intaneti ikapatikana, akafurahi. Ila sasa ana mitandao miwili. Walio mbele wana anwani za 192.168.1 na walio nyuma wana za 192.168.0, na wa mbele hawawezi kuwafikia wa nyuma.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Kwenye Ubuntu andika ip a. Kwenye Mac angalia mipangilio ya mtandao. Namba tatu za mwanzo zikifanana kwenye mashine zote, endelea. Zikitofautiana, ingia kwenye rauta ya pili, uibadilishie anwani yake isigongane na ya kwanza, uzime DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha hamisha ile kebo kutoka tundu la WAN uichomeke kwenye tundu la kawaida la LAN. Rauta ya pili itageuka swichi yenye Wi-Fi, na hicho ndicho ulichokihitaji tangu mwanzo.

Angalia pia kama umeunganishwa na Wi-Fi ya wageni. Hiyo imetengenezwa makusudi ili walio ndani wasionane. Ni nzuri kwa wateja, waache huko huko. Mashine za kazi ziwe kwenye ile kuu.

Hatua ya 2: Mpe mwenyeji anwani isiyohama

Ingia kwenye rauta kwa kivinjari, aghalabu kwa 192.168.1.1, utafute sehemu ya kuhifadhi anwani za DHCP. Utaona orodha ya mashine zilizounganishwa na anwani zao za MAC. Hizi hazihusiani na kompyuta za Mac; ni namba ambayo kila kadi ya mtandao imezaliwa nayo. Chagua ya Ubuntu, uifungie 192.168.1.10.

Kadi ya kebo na kadi ya Wi-Fi ndani ya kompyuta moja zina namba mbili tofauti. Ukifungia ya Wi-Fi kisha kesho ukachomeka kebo, umerudi ulikotoka. Mimi mwenyeji humpa kebo, basi. Kisha zima ile hali ya kulala, maana mwenyeji akisinzia saa sita mchana wageni wote wanabaki mlangoni.

Kutoka mashine nyingine andika ping 192.168.1.10. Ukijibiwa, msingi umekaa.

Hatua ya 3: Printa

Ubuntu inasimamia printa kwa programu iitwayo CUPS. Ndiyo hiyo hiyo Mac inatumia. Apple iliinunua mwaka 2007. Ndiyo maana Mac na Ubuntu huelewana kuhusu printa bila kelele, na Windows ndiye anayehitaji kubembelezwa.

Chomeka printa kwa USB kwenye Ubuntu. Nyingi hujitokeza zenyewe. Zisipojitokeza, za HP zinataka kifurushi cha hplip, na baadhi ya leza ndogo za HP zinataka zaidi ya hapo: uandike hp-plugin ili kipande kinachokosekana kishushwe kutoka mtandaoni. Epson za tangi la wino hufanya kazi na printer-driver-escpr, na leza nyingi za Brother na printer-driver-brlaser.

Fungua kivinjari hapo hapo kwenye Ubuntu, uende localhost:631. Huo ndio ukurasa wa CUPS. Iongeze printa yako uipe jina fupi lisilo na nafasi wala alama. Yangu inaitwa Dukani. Usiandike "Printa ya Dukani (mpya)". Nafasi na mabano yatakusumbua utakapofika Windows. Kisha kwenye dirisha la amri:

sudo cupsctl --share-printers
sudo lpadmin -p Dukani -o printer-is-shared=true
sudo lpadmin -p Dukani -o PageSize=A4
sudo lpadmin -p Dukani -o printer-error-policy=retry-job

Mstari wa tatu una kisa chake. Programu nyingi huja zikidhani karatasi ni Letter ya Kimarekani, yenye milimita 216 kwa 279, wakati sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Printa ikiombwa Letter haikatai. Inawasha taa na kungoja uilishe karatasi ambayo hakuna duka la Digo Road litakuuzia. Mteja anaona printa imekwama, wewe unaona printa imekwama, kumbe inangoja kwa adabu.

Mstari wa nne ndio dawa ya stima. Bila huo, printa ikizimika katikati ya kazi, mara nyingi CUPS huisimamisha foleni nzima, na haiifungui tena hata printa ikiwaka. Ukiandika retry-job, CUPS inajaribu tena yenyewe. Usijaribu kuiokoa printa ya leza kwa kuichomeka kwenye UPS, lile boksi la betri la kushika stima ikipotea, lakini. Ile sehemu inayochoma wino hula umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo italia kisha izime na kompyuta juu yake. UPS mpe mwenyeji na rauta.

Kama umewasha ngome ya Ubuntu (firewall, ile inayozuia wasioruhusiwa kuingia kupitia mtandao), fungua milango inayohitajika kwa watu wa ndani tu:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 631 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5353 proto udp

Mlango 5353 ndio unaoruhusu printa ijitangaze. Kwenye Mac fungua mipangilio ya printa, bonyeza alama ya kujumlisha, na Dukani itakuwa imekwisha kujitokeza. Simu nazo huiona. Ubuntu nyingine pia. Hawa hawana maneno.

Windows sasa. Nenda sehemu ya printa, bonyeza kuongeza, ngoja ichoke kutafuta, kisha bonyeza ile sentensi ndogo ya kuongeza kwa mkono. Chagua "Select a shared printer by name" uandike:

http://192.168.1.10:631/printers/Dukani

Ikikataa kabisa, nenda kwenye orodha ya vipengele vya hiari vya Windows uwashe "Internet Printing Client", kisha urudi. Ikiuliza draiva, yaani programu ya kuiongoza printa, silika itakutuma uchague ya mtengenezaji. Mimi nachagua ya PostScript ya jumla: MS Publisher Color Printer kwa printa ya rangi, MS Publisher Imagesetter kwa nyeusi. Sababu ni kwamba CUPS ni mkalimani. Windows inaipa PostScript, lugha ya jumla ya kueleza kurasa, na Ubuntu inaigeuza iwe lugha ya printa yako. Ukiweka draiva ya mtengenezaji pande zote mbili, utakuwa na wakalimani wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja, na karatasi itatoka na mistari ya herufi za ajabu, kurasa arobaini kwa barua ya ukurasa mmoja. Nimeziona, na karatasi nililipa mimi.

Hatua ya 4: Faili

Faili zinapita kwa lugha iitwayo SMB, ambayo ni ya Windows tangu zamani. Ubuntu huizungumza kupitia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza yale yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Angetafuta kwenye kamusi yetu angekuta simba, shamba na sambusa, na leo tungekuwa tunasakinisha sambusa.

Kwenye Ubuntu:

sudo apt install samba
sudo groupadd ofisi
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chown root:ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi

Ile 2 ya mbele inahakikisha kila faili mpya inakuwa ya kundi la ofisi, si ya aliyeiunda peke yake. Bila hiyo, Asha ataandika barua asubuhi na mwenzake hataweza kuirekebisha mchana, nawe utapigiwa simu.

Kisha kwa kila mfanyakazi:

sudo adduser asha
sudo usermod -aG ofisi asha
sudo smbpasswd -a asha

Amri ya tatu huuliza nenosiri upya, na wengi huiruka wakidhani la kwanza linatosha. Halitoshi. Samba ina daftari lake la manenosiri, mbali na la Ubuntu, na asiyeandikwa humo haingii.

Fungua faili /etc/samba/smb.conf uongeze mwishoni kabisa:

[kazi]
path = /srv/kazi
read only = no
valid users = @ofisi
force group = ofisi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Andika testparm ikukagulie. Ikilalamika, ni herufi iliyopotea mahali. Ikinyamaza:

sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Kuingia sasa. Kwenye Windows shika kitufe cha Windows na R, uandike \\192.168.1.10\kazi. Kwenye Mac, ukiwa Finder, shika Command na K, uandike smb://192.168.1.10/kazi. Kwenye Ubuntu nyingine fungua folda, shika Ctrl na L, uandike hivyo hivyo kama Mac. Weka jina na nenosiri la Samba, ruhusu likumbukwe, na kwenye Windows lipe folda herufi ya diski, Z kwa mfano, ili mtu wa kaunta asihitaji kujua lolote kuhusu mtandao.

Utaona nimeandika anwani kila mahali, sikusema fungua ile ikoni ya mtandao uone majina ya kompyuta. Ni makusudi. Orodha ile inajazwa na mashine zinazojitangaza, na matangazo ya Windows, ya Mac na ya Ubuntu hayafanani. Kompyuta inaweza isionekane humo na bado ikafunguka vizuri ukiiandika. Kutoonekana si kutokuwepo, na fundi anayehangaikia orodha ile anatibu kivuli.

Kuhusu folda ya wazi isiyo na nenosiri: najua ni rahisi, na najua mwongozo mwingi utakufundisha kuandika guest ok. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 inamkataa mgeni asiye na jina, kwa hiyo utaifungua leo kwenye mashine moja na nyingine itagoma. Na saiba ni mahali mtu anakupa kitambulisho chake ukipige picha. Kiweke mahali penye mlango.

Kama mwenyeji lazima awe Windows

Wakati mwingine mwenye ofisi hataki kusikia habari ya Ubuntu. Sawa. Hakikisha mtandao umewekwa kuwa wa faragha, si wa umma, washa kushiriki faili na printa, kisha bonyeza kitufe cha kulia cha panya kwenye folda na uishiriki kwa majina ya watu. Tengeneza akaunti ya ndani yenye nenosiri kwa ajili ya kazi hii. Ile PIN ya tarakimu nne unayowashia kompyuta haipiti kwenye mtandao. Mtu ataiandika mara kumi kutoka kwenye Mac na atakataliwa mara kumi. Windows za kawaida zinapokea wageni 20 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo saiba kubwa itafika ukingoni.

Kuhusu printa iliyoshirikiwa na Windows kwenda Windows, ukikutana na kosa 0x0000011b, chanzo chake ni masasisho ya usalama yaliyotoka baada ya udhaifu wa kiusalama wa mwaka 2021 katika huduma ya kuchapa. Ukitafuta utapata ushauri wa kubadili rejista (daftari la mipangilio ya ndani ya Windows) ili ulinzi huo uzimwe. Mimi naanza kwa kusasisha mashine zote mbili hadi mwisho, na mara nyingi huishia hapo.

Vitu vinavyonirudisha kwa wateja

Nenosiri lilikuwa sahihi jana, leo Windows inasema huwezi kutumia majina mawili kwa seva moja. Mtu aliingia kwa jina la Asha, kisha akajaribu la bosi. Andika net use * /delete, kubali, ingia upya.

Faili inaonekana na jina la ajabu lenye alama ya ~ ndani yake. Imeundwa kwenye Ubuntu ikaitwa kitu kama "Risiti: Januari?". Ubuntu inakubali nukta pacha na alama ya kuuliza, Windows haikubali. Badilisha jina. Na msiwe na Barua.odt na barua.odt ndani ya folda moja. Kwa Ubuntu ni faili mbili, kwa Windows ni moja, na moja haitafunguka kamwe.

Faili ndogo ziitwazo .DS_Store zimejaa kila folda. Ni alama za miguu za Mac. Hazidhuru, zifute ukipenda, zitarudi.

Fotokopi kuukuu inaskani kwenda kwenye folda na imegoma tangu Samba isasishwe. Inazungumza SMB ya kwanza tu, ile iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017 kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Samba imeizima tangu mwaka 2019. Inawezekana kuiwasha tena kwa mstari mmoja, na mwenye fotokopi atakuomba uuandike. Mwambie askani kwa flashi.

Foleni ya printa imeganda. Kwenye Ubuntu lpstat -t itakuonyesha kilichokwama, cancel -a Dukani inafuta kazi zote, na cupsenable Dukani inafungua foleni iliyosimamishwa.

Na kuna lile ambalo halimo ndani ya kompyuta. Masika ikishika, au hata kipindi cha kawaida dukani kwetu ambako mlango hushinda wazi na upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, karatasi iliyolala kwenye trei usiku kucha inanywa unyevu. Asubuhi printa inavuta karatasi tatu pamoja, inajikunja, na kila kompyuta inaonyesha kosa lake kwa lugha yake. Kijana wa kaunta anaanza kuzima rauta. Toa karatasi zote, zipepete kwa kidole gumba kama karata, geuza upande, rudisha chache. Rimu iliyofunguliwa ikae ndani ya nailoni, na jioni trei iachwe tupu.

Kwenye mashine ya mwenyeji nimebandika kipande cha karatasi chenye mistari miwili, \\192.168.1.10\kazi na ule wa Dukani, kwa kalamu nzito, maana siku ya tarehe 30 Juni anayekuwa kaunta si lazima awe mimi.